Mwaka Tulioficha Baridi

Mimi nikiingia nyumba ya mtu siku za baridi, kabla sijavua kiatu mkono umeshafika kwenye rejeta. Nasema zile rejeta za ukutani, vyuma vipana vinavyopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila na kuipasha nyumba joto. Wanangu wananiona kituko. "Mamma, sluta!" wananiambia, niache, na mimi siachi, kwa sababu rejeta haijui kudanganya kwa adabu: ikiwa ya moto chini na baridi juu, ndani mmeingia hewa, ikiwa vuguvugu kotekote, kuna jambo huko kwenye boila. Jumamosi iliyopita nilifanya hivyo hivyo kwenye nyumba ya Tumba, kitongoji cha Stockholm, nyumba ya marehemu Mama Neema, ambayo sikuikanyaga tangu tulipomzika mwanzoni mwa kiangazi. Neema, binti yake wa pekee, alitupigia simu sisi wapangaji wa zamani mmoja mmoja: njooni mle chakula, nina neno kuhusu nyumba. Neno gani, hakusema. Nikatoka kwangu Hagsätra roho juu juu, maana nyumba ikifiwa naijua njia yake: huuzwa. Nilipofungua mlango wa mbele, wenzangu walikuwa wamenitangulia. Bahati, Mkongo wa Bukavu, dereva wa basi aliyestaafu, kasimama koridoni na kiganja juu ya rejeta. Otieno, Mkenya, mwalimu wa hesabu mwenye mvi na kitambi, kainama kwenye ile ya chini ya ngazi. Salamu bado. Tulitazamana tukaangua kicheko, msiba na yote.

Mwaka wenyewe ulikuwa wangu wa kwanza Stockholm. Nilikuja kujifunza kutengeneza meno ya bandia, kazi ninayoifanya hadi leo, na sikuwa na pa kulala. Siku zile kila Mswahili aliyetua hapa bila malazi, awe wa Tanga kama mimi, wa Kisumu au wa Bujumbura, hakukosa mtu wa kumwambia, "Mtafute Mama Neema." Alikuwa mjane, muuguzi, mtu wa Mwanza, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita watu waliotawanyika shambani. Nyumba yake ilikuwa ya mbao za manjano, vyumba chini, vyumba juu, na chini kabisa ghala la ardhini lenye boila, viazi na viatu vya watu waliokwisha hama. Alinipa chumba cha juu ambacho alikuwa amekipaka rangi upya kwa ajili yangu, buluu ya kukolea, hata mikono yake ilikuwa bado na madoa. Siku hiyo hiyo alinionyesha sufuria yenye uzi mwekundu kwenye mpini. "Hii ni yako, Zuhura. Haijawahi kumwona nguruwe na haitamwona. Nitakayemkuta anapashia soseji humu, atahama na soseji yake." Nililia kidogo, lakini nilimwambia ni vitunguu.

Bahati alikuwa chumba cha jirani yangu, Otieno chini upande wa bustani. Wakati huo Bahati alikuwa kijana wa suti. Hata kushuka kula uji alivaa koti. Otieno alikuwa mwanafunzi, mwembamba, mbishi, anayeamini kwamba kila tatizo duniani lina jibu na jibu analo yeye. Tulipika kwa zamu. Bahati alitupikia sombe ya mchicha wa barafu, kwa kuwa kisamvu kilikuwa kigumu kupatikana, akiapa kwa Kifaransa kwamba mama yake asijue kamwe. Otieno aligundua kwamba Waswidi huleta dukani majani yao ya sukuma kila Krismasi inapokaribia, akawa hatuachii. Tulikula sukuma mpaka meno yakawa ya kijani. Mama Neema alikuwa wa pilau ya Jumapili. Jamani, pilau ile! Harufu ilitufuata mpaka kwenye makoti, na ndani ya treni ya asubuhi watu walikuwa wakigeuka kunitafuta.

Baridi ilianza Oktoba, na boila nayo ikaanza visa. Kila asubuhi Mama Neema alishuka ghalani na khanga mabegani, nami nikimmulikia tochi kwa sababu taa ya ngazi ilikuwa na tabia zake. Kwenye boila palikuwa na geji ya mviringo, na ndani ya geji mshale uliopaswa kukaa kwenye sehemu ya kijani. Kila tulipoukuta umeanguka chini ya kijani, Mama alifungua koki ya kujazia, maji yakaingia yakibubujika, mshale ukapanda taratibu, yeye akasema, "Haya, kaa hapo hapo, mtoto mzuri." Kesho yake mtoto mzuri kashuka tena. Presha ikishuka, maji hayana nguvu ya kupanda hadi vyumba vya juu, na sisi wa juu ndio tulioonja. Rejeta yangu ilikuwa ya moto miguuni na ya baridi kichwani, na tumboni iliguguma siku nzima. Nililala na soksi za Bahati juu ya soksi zangu.

Sasa mtu atauliza: kwa nini hukusema? We! Nimwambie mwanamke aliyenipakia chumba rangi kwa mikono yake kwamba chumba chake kina baridi? Kwetu mgeni huulizwa amelalaje, naye hujibu amelala salama, hata kama kunguni walikuwa na harusi kitandani. Kila asubuhi Mama Neema aliuliza mezani, "Watoto, mmelalaje? Hamwoni baridi?" Na sisi sote kwa pamoja, "Salama, Mama! Hapana, Mama!" Bahati akiwa kavaa koti na skafu. Mimi nilichofanya ni kumwuliza mwenzangu mmoja wa mafunzo, Mswidi, wenyewe hufanyaje. Akaniambia rejeta inayoguguma ina hewa, na hewa hutolewa kwa ufunguo mdogo wa shaba wanaouuza duka la vifaa. Nikaununua. Jioni nikirudi, nilifunga mlango, nikakinga kikombe, nikafungua skrubu ya pembeni. Hewa ikatoka ikipuliza, kisha maji meusi yakaruka, nikafunga. Joto likapanda kidogo, nikafurahi nikashuka kula. Kikombe kimoja tu cha maji kitamdhuru nani?

Wakati huo Mama alikuwa akitafuta pale maji yanapopotelea, na sisi tulikuwa jeshi lake. Alitandika magazeti chini ya kila rejeta na kila kiungo cha bomba, ili tone likidondoka lionekane. Nilifuta viungo vyote kwa karatasi ya chooni, kimoja kimoja, nikitazama kama karatasi imelowa. Ilitoka na vumbi tu. Chini ya bomba la usalama la boila, linalomwaga maji presha ikizidi, tuliweka ndoo tupu ya mtindi. Ndoo ilibaki kavu. Otieno alitoa hotuba kwamba maji yanageuka mvuke, Bahati akamwuliza kama mvuke huo unatokea masikioni mwake. Mwisho alikuja fundi, akaligonga tangi jekundu linalopokea maji yanapotanuka kwa moto, akalipima, akasema ni zima. Alichobakiza ni neno baya: labda kuna bomba linalovuja chini ya zege la ghala, na kulijua ni mpaka livunjwe. Fundi alipoondoka, Mama Neema aliketi kwenye ngazi ya ghalani kwa muda, mikono mapajani. Hakuwa mtu wa kukaa ngazini.

Neema alikuwa akiishi Rissne, kwenye fleti, upande wa pili kabisa wa mji. Alizaliwa hukuhuku. Kiswahili alikielewa chote, mpaka matusi, lakini kukisema alikuwa hakisemi. Mama yake akimwambia kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi, na walizozana hivyo vizuri tu bila mkalimani. Chumbani kwangu bomba la rejeta lilipita sakafuni kwenye tundu pana kuliko bomba lenyewe, na chini yake ndiko jikoni. Sikudukiza; maneno yalipanda yenyewe. Kiswidi changu kilikuwa cha kununulia mkate, basi nilipata upande mmoja tu. "Niuze niende wapi?" alikuwa akisema Mama. "Kwenye fleti? Mgeni akija nimlaze kwenye beseni?" Neema akajibu kwa kirefu. "Kifua cha mwaka jana kilipona, mwanangu, usinizike." Neema tena. Kisha Mama akasema, "Hawaoni baridi. Nimewauliza kila siku ya Mungu. Wanasema wako salama." Na Neema akajibu kwa sentensi fupi niliyoielewa neno kwa neno: "De ljuger, mamma." Wanadanganya. Nilikaa kitandani uso ukiwaka. Nilijua kwamba majira ya baridi yaliyopita Mama Neema alilazwa kwa nimonia. Sasa nilijua na hili: binti yake anataka nyumba iuzwe, na "salama" zetu ndiyo ngao pekee aliyobaki nayo mama.

Jumapili moja ya Desemba Neema alikuja kula, kaleta mikate yake ya zafarani, dirishani nyota ya karatasi inawaka, mezani mishumaa na pilau. Hakuvua koti. "Det är iskallt här inne!" akasema, humu ndani ni barafu tupu, na neno la barafu kila mtu alilisikia. Tulitazama sahani zetu kwa heshima. "Waulize wenyewe," akasema Mama. Neema akatugeukia, akatuuliza, nasi kwa pamoja kama darasa la kwanza: "Hapana, tuko salama!" Pumzi zetu zilikuwa karibu kuonekana. Neema akatupa mikono juu. Akaenda kwenye rejeta ya sebule, akaigusa juu, akaigusa chini, akasikiliza ikiguguma, na hapo akageuka akasema, Bahati akinitafsiria sikioni, kwamba Alhamisi atakuja na dalali wa nyumba, basi, yamekwisha, lakini kwa sasa angalau watu wale chakula bila kuganda. Kuna mtu ana ufunguo wa kutolea hewa?

Mkubwa akihitaji kitu nawe unacho, mkono hauombi ruhusa. Bahati alitoa bunda lake la funguo, na katikati yake, wa shaba, ufunguo mdogo. Otieno akatoa wake mfukoni mwa shati. Mimi nikafungua pochi. Adabu ileile iliyotuziba midomo ndiyo iliyotutoa mikono, na mikono yote mitatu ikabaki hewani juu ya pilau. Kisha Mama Neema, polepole, bila kumtazama mtu, akafungua fundo la pindo la khanga yake, pale wanawake wengine wanapoweka vijisenti, akatoa wa nne.

"Zuhura, na wewe?" aliniuliza.

"Jioni jioni, Mama. Kikombe kimoja tu."

"Aki Mama, mimi ni asubuhi kabla ya lecture," alisema Otieno. "Na wikendi mara mbili."

"Mie njo nilikuwa nafanya ile kazi kila magaribi," alisema Bahati, kashika kifua. "Pardon, Mama. Nilikuwa naona haya kukusumbua."

"Na mimi hutoa ya korido na ya hapa sebuleni mkishaondoka," alisema Mama. "Nilisema moyoni, hawa watoto wanaona baridi na hawasemi."

Haikuhitaji fundi tena. Sisi tulikuwa tunatoa hewa na maji, kila mtu kwa siri yake, na mshale unashuka. Mama anaujaza asubuhi, na maji mapya yanaingia na hewa yao mpya. Rejeta zinaguguma, tunazifungulia tena. Tumezungushana hivyo toka Oktoba! Na hewa ya kwanza kabisa iliingia vipi? Otieno alianza kuhutubia, Mama akamkatiza: rejeta ya chumba changu ilivuliwa ukutani siku alipokuwa anapaka ile rangi ya buluu. Ukarimu ndio uliotuponza, mwanzo mpaka mwisho. "Mficha uchi hazai!" Mama Neema alipiga kelele, akacheka mpaka akashika meza, tukacheka naye, pilau ikapoa na hakuna aliyejali.

Neema hakucheka. Alingoja tumalize, akasema kwa Kiswidi cha polepole ili hata mimi nielewe. Ya boila ameelewa, bomba halivuji. Lakini kama watu watatu wazima hawawezi kumwambia mama yake kwamba nyumba ina baridi, ni nani atakayemwambia yeye, huko Rissne, mama akianza kukohoa? Dalali, akasema, atakuja Alhamisi kama alivyosema.

Jumatatu tulifanya kazi kama watu wenye akili. Tulizima pampu inayozungusha maji, tukaanza vyumba vya chini tukaishia juu, ufunguo mmoja, mkono mmoja, wa Mama, sisi tukishika vikombe na matambara. Kisha akajaza mshale hadi kwenye kijani na kuamuru kwamba atakayegusa rejeta atapika sukuma peke yake mwezi mzima. Funguo zetu aliziweka kwenye bakuli la sukari juu ya kabati. Jumanne mshale ulikuwa palepale. Jumatano vilevile, na chumba changu kikawa na joto hadi nikavua soksi za Bahati nikamrudishia, naye akazinusa akasema afadhali nibaki nazo. Lakini Jumatano hiyohiyo Mama alirudi kutoka kazini kalowa theluji, na jioni kikohozi kilimshika jikoni, kile kizito cha kifuani. Aliponiona mlangoni aliweka kidole mdomoni. "Dalali kesho," alininong'oneza. "Shika ulimi wako, mwanangu."

Alhamisi Neema alifika kabla ya dalali. Alishuka ghalani, akautazama mshale, akapanda, akagusa rejeta moja baada ya nyingine, zote moto juu na chini. Nikaona mabega yake yanashuka. "Hamjambo?" alituuliza, neno lake moja la Kiswahili. Mama Neema alinitazama. Nilimpenda yule mama, na kuniomba kwake nilikuona wazi usoni, na najua kabisa kwamba kwetu hilo lingeitwa usaliti. "Mama alikohoa sana jana," nikasema. "Kikohozi cha kifua. Na anakwenda ghalani na soksi, ngazi inateleza, taa yake mbovu." Mama alinikata jicho la kunichuna ngozi. Bahati akaongeza, "Na dawa ya kifua, c'est vrai, ni kweli, hainywi." Otieno naye akakumbuka vile viatu vya waliohama vilivyotapakaa chini ya ngazi. Tulimwaga yote, tukifuatana, hatukubakiza kitu, mpaka Mama mwenyewe akaanza kucheka kwa hasira na kusema amefuga nyoka. Neema alitusikiliza akiwa kashika simu. Kisha akatoka nje barazani, tukamwona kupitia dirishani akiongea, na dalali hakuja siku ile wala siku nyingine. Siku ya pili alimpeleka mama yake kwa daktari, na ya tatu akatengeneza taa ya ngazi mwenyewe.

Kuanzia hapo Mama Neema aliweka sheria ya mlango. Atakayeingia nyumba yake, awe mgeni wa siku moja au padri, lazima aseme neno moja linalomkera. Alikufungulia akasimama na khanga yake, akasema, "Karibu, lalamika." Wageni wapya walikosa pa kuangalia. Kijana mmoja wa Burundi alisimama kizingitini mpaka theluji ikamjaa mabegani, ndipo akasema kwa woga kwamba mkeka wa mlango una harufu ya mbwa. Alikumbatiwa kama mtoto aliyepotea. Nilimaliza mwaka wangu pale nikiwa mlalamishi hodari, na nimekuwa hivyo kazini, kwenye ndoa na kwa walimu wa wanangu. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwa nimewahi kujiuliza mwenyeji ataponaje kama mgeni kanyamaza.

Jumamosi iliyopita, basi, tuliketi meza ileile. Pilau alipika Neema, na ilikuwa na chumvi nyingi. Rejeta za koridoni tulizogusa zilikuwa vuguvugu tu, ile ya sebule ilikuwa inaguguma, na sisi watu wazima watatu tulikula tukisifu, kwa sababu kuna marehemu, na mfiwa hasumbuliwi. "Umelalaje siku hizi?" nilimwuliza. "Salama," akajibu. Bahati akavuta skafu yake. Neema aliweka kijiko chini. Kavaa khanga ya mama yake mabegani, juu ya sweta, na nywele zake zina mvi ambazo sikuziona makaburini.

"Nimehamia hapa," alisema. Kwa Kiswahili. Taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za ghala gizani, lakini kila neno mahali pake. "Wiki iliyopita. Siuzi. Boila siijui. Nyumba hii siijui bila yeye." Alitutazama mmoja mmoja, macho yanacheka. "Nawaona toka mmeingia mnanidanganya. Karibuni. Lalamikeni."

Nilikuwa nimeiita nyumba ya Mama Neema miaka yote hii, hata njiani nikija, hata nikifungua mlango.

"Neema," nikamwambia, "nyumba yako ina baridi."

Akafungua fundo la pindo la khanga.